Daftari la Madeni la Mwana wa Mwami

Serikali ya Burundi imehamia mlimani. Anayetoka katikati ya Bujumbura kwenda kaskazini mashariki huvuka mto Ntahangwa, barabara ikaanza kupanda, na muda si mrefu yumo Gihosha. Huku juu, mtaa wa Gasenyi, ndiko iliko Ikulu ya Ntare Rushatsi, iliyojengwa na Wachina na kukabidhiwa mwaka 2019. Wabunge nao hukutana Kigobe, upande huohuo wa mji. Gihosha ilikuwa komine yenyewe kabla ya kuunganishwa na nyingine tano kuwa komine kubwa ya Ntahangwa, na sasa mwenye shida na dola anajua njia: anapanda.

Zamani alikuwa akishuka. Mji uliitwa Usumbura, serikali ilikuwa ya Wabelgiji, na siasa ya Warundi haikuwa na jengo wala kiti. Ilikuwa bondeni, kwenye tambarare ya karibu na ziwa, Buyenzi na Bwiza, katika maduka ya vitenge, chumvi, sabuni na mawese. Ilizungumzwa kwa Kiswahili kuliko kwa Kifaransa, na mara nyingi ilianzia kwenye bei. Kwa nini kitambaa kinachouzwa na Mgiriki au Mhindi kwa jumla kinamfikia mchuuzi mweusi kikiwa ghali hivi? Nani anapata mkopo benki, na nani anaambiwa arudi kesho?

Sura hii inamhusu kijana mmoja wa kifalme aliyeshuka kwenda kuyasikia maswali hayo na akabaki nayo. Warundi wanamwita Ganwa Ludoviko Rwagasore. Jina lake limeandikwa kwenye barabara kuu ya katikati ya mji, na kila tarehe 13 Oktoba viongozi huweka mashada kwenye kaburi lake, kilima cha Vugizo. Anakumbukwa kama shujaa wa uhuru, na ni haki yake. Lakini heshima ya namna hiyo huwa na kasoro moja: humfanya mtu aonekane kama alizaliwa akiwa sanamu. Hotuba nyingi hukipita upesi kitu ambacho mimi nakiona ndicho mlango wa maisha yake yote, yaani ushirika wa wafanyabiashara aliouanzisha mwaka 1957, ukaingia madeni na kumshinda. Naamini kwamba bila ushirika ule kushindwa, pasingekuwa na waziri mkuu Rwagasore.

Alizaliwa Gitega tarehe 10 Januari 1932, mwana wa Mwami, yaani mfalme, Mwambutsa wa Nne na Thérèse Kanyonga. Alisoma Astrida, mji ambao leo ni Huye nchini Rwanda, katika shule ambayo Wabelgiji waliitumia kuwapika machifu na makarani wa nchi zote mbili. Baadaye akapelekwa Antwerp, kwenye chuo cha watawala wa makoloni. Hakumaliza. Mwaka 1956 alikuwa amerudi nyumbani, hana shahada, ana miaka ishirini na minne, ana jina kubwa na hana kazi inayolingana na jina hilo.

Kijana wa kifalme wa wakati ule alikuwa na njia iliyokwisha kufyekwa. Angepewa uchifu, angekusanya kodi, angesimamia upandaji wa kahawa ambao tangu miaka ya 1930 ulikuwa amri, na jioni angeandika ripoti kwa Kifaransa kumpelekea msimamizi Mbelgiji. Wengi wa rika lake waliifuata njia hiyo bila kuona aibu, na sioni kwamba wote walikuwa vibaraka. Ndiyo kazi iliyokuwapo. Rwagasore alikwenda dukani.

Ili kuelewa uzito wa hatua hiyo inafaa kuufuata mfuko wa kahawa. Ulitoka kwenye shamba dogo la mkulima wa mlimani, ukashuka Usumbura, ukapakiwa kwenye meli, ukavuka Ziwa Tanganyika hadi Kigoma, ukapanda treni ya Reli ya Kati, ukafika Dar es Salaam. Kigoma na Dar es Salaam Wabelgiji walikuwa na gati zao, Belbase, walizopata kwa mkataba wa mwaka 1921 na Waingereza. Njiani kote huko, mkono wa Mrundi uliugusa mfuko ule mara mbili tu: wa kwanza ulipanda na kuchuma, wa pili ulibeba mgongoni. Aliyenunua, aliyepima, aliyesafirisha na aliyeuza nje alikuwa mwingine. Bidhaa za dukani zilirudi kwa njia ileile, na kwa mikono ileile.

Waafrika waliokuwa wakifanya biashara walikuwepo, tena wajanja. Wengi walikuwa Waswahili wa Buyenzi, Waislamu ambao asili za koo zao zilikuwa Ujiji, Manyema, Rumonge na kwingineko kuzunguka ziwa. Walijua mali kauli: unachukua mzigo kwa neno lako, unauza, ndipo unalipa. Walijua bei ya dagaa Kigoma na bei ya nguo Uvira. Lakini mali kauli ina mwisho wake. Anayekukopesha mzigo ndiye anayekupangia bei, na siku ukitaka kuagiza mwenyewe kutoka ng'ambo anakuuliza dhamana yako iko wapi.

Kuna jambo jingine kuhusu Buyenzi ambalo halisemwi sana. Kisheria, mitaa ya Waafrika ya Usumbura ilikuwa nje ya mamlaka ya kimila. Chifu hakuwa na amri pale, na Mwami mwenyewe hakuwa na watu wake pale kwa namna aliyokuwa nao Muramvya au Gitega. Mswahili wa Buyenzi alihesabiwa kama mgeni hata kama babu yake alizikwa hapohapo. Kwa hiyo mwana wa Mwami alipoingia Buyenzi hakuwa na cha kurithi. Mlimani watu wangempigia makofi na kupiga magoti kwa sababu ya baba yake. Bondeni ilibidi aonyeshe faida. Nadhani hii ndiyo shule aliyosoma kweli, kuliko Astrida na Antwerp: alijifunza kuaminiwa na watu wasiolazimika kumwamini.

Juni 1957 ushirika ukaanza hapo Usumbura. Kwa Kifaransa uliitwa Coopérative des Commerçants du Burundi, na kwa mkato CCB. Wazo lilikuwa jepesi, na lilikuwa zuri. Mchuuzi mmoja hawezi kuagiza shehena. Wachuuzi wengi wakichanga mtaji wanaweza. Wakinunua kwa jumla wenyewe, wanaruka mtu wa kati. Wakiruka mtu wa kati, bei inashuka dukani na faida inabaki kwa Mrundi. Jina la mwana wa Mwami lingekuwa dhamana mahali ambapo mchuuzi hakuwa na nyumba ya kuweka rehani.

Wala Rwagasore hakuwa peke yake katika ukanda huu kuona kwamba ushirika ni zaidi ya duka. Upande wa pili wa mpaka, Kabgayi nchini Rwanda, wamisionari Wakatoliki walikuwa wamesaidia kuanzisha ushirika wa TRAFIPRO mwaka 1956, na kijana aliyekuwa akiuongoza, Grégoire Kayibanda, ndiye aliyekuja kuwa rais wa nchi hiyo. Mwanza kulikuwa na Paul Bomani. Alianza na chama cha ushirika cha wafanyabiashara Waafrika wa mjini, akaenda kwa wakulima wa pamba wa Usukuma waliochoka kupunjwa kwenye mizani, na mwaka 1955 vyama vyao vikaungana kuwa Victoria Federation. Bomani akawa waziri wa kilimo, kisha wa fedha, kisha balozi Washington. Njia ni ileile: mizani kwanza, wizara baadaye.

Ila kuna tofauti, na tofauti hiyo inauma. Waingereza wa Tanganyika, pamoja na ubaya wao wote, walikuwa na sheria ya ushirika tangu 1932, na Wachaga walikuwa na KNCU yao tangu 1933. Serikali iliwabana, iliwapekua, lakini ilikubali kwamba Mwafrika anaweza kuwa na chama chake cha biashara chenye hesabu na mkaguzi. Bomani alipelekwa hadi Loughborough, Uingereza, kusomea ushirika. Kayibanda alikuwa na Kanisa nyuma yake. Rwagasore hakuwa na askofu wa kumshika mkono. Alikuwa na jina la baba, wafanyabiashara wenye hamu, na utawala uliomtazama kwa jicho la pembeni tangu siku ya kwanza.

Basi ushirika ukayumba. Hapa lazima tuseme ukweli mzima, kwa sababu wanaompenda Rwagasore huwa wanautupia lawama utawala wa Kibelgiji peke yake. Utawala ulikuwa na lawama zake, nitazifikia. Lakini kufikia mwaka 1958 CCB ilikuwa imekopa kupita uwezo, vitabu vyake vya hesabu havikuwa sawa, na baadhi ya waliokabidhiwa fedha walizila. Rwagasore alikuwa kiongozi wa watu, hakuwa mhasibu. Alijua kumfanya mtu achange. Hakujua, au hakupata wasaa wa kujua, kuuliza jioni fedha zilizochangwa ziko wapi. Kila aliyewahi kuwa mwanachama wa ushirika Afrika Mashariki, uwe wa kahawa, wa pamba au wa matatu, anaitambua hadithi hii bila kusimuliwa mpaka mwisho.

Alipotafuta fedha za kuuokoa, alibisha mlango wa Baraza Kuu la Nchi, lililoongozwa na baba yake. Wabelgiji wakaingilia kati. Kama fedha za umma zitaokoa ushirika, walisema, basi ushirika uwe chini ya usimamizi wao. Kwa mkaguzi wa hesabu, sharti hilo lina mantiki. Kwa mwanasiasa ni kukabidhi funguo, na Rwagasore alikuwa anageuka mwanasiasa kila alipopokea barua mpya ya kukataliwa. Alikuwa ameingia kwenye biashara ili kupunguza bei ya nguo. Sasa alikuwa anaona kwamba bei ya nguo imefungwa na leseni, leseni imefungwa na mkopo, mkopo umefungwa na ofisi, na ofisi hiyo haipigiwi kura na mtu yeyote wa Buyenzi.

Ndiyo maana nasema kushindwa kwa ushirika kulimtengeneza. Ungefanikiwa kidogo tu, huenda tungekuwa na tajiri mmoja wa kifalme, mwenye magari ya mizigo na hisa, anayekula chakula cha usiku na wakurugenzi wa benki. Historia ya Afrika ina watu wengi wa aina hiyo. CCB ilikufa vibaya kiasi cha kumwonyesha mahali kufuli lilipo. Na ilipokufa iliacha kitu ambacho mfilisi wa mahakama hawezi kukiandika kwenye orodha ya mali: majina. Kila mji mdogo wenye soko kulikuwa na mtu aliyemjua Rwagasore kwa uso, aliyewahi kuchanga naye, aliyepoteza naye. Ajabu ni kwamba wengi wa waliopoteza hawakumkimbia.

Mwaka 1959 akapewa uchifu wa Butanyerera, kaskazini, mbali na Usumbura. Ni vigumu kutouona mkono wa utawala uliotaka kumrudisha kwenye njia iliyofyekwa: apate kiti, apate shughuli, asahau bondeni. Mwaka huohuo, Septemba, alimwoa Marie-Rose Ntamikevyo, binti wa Kihutu. Leo watu hupenda kuifanya ndoa hiyo kuwa tangazo la siasa. Yawezekana ilikuwa hivyo, yawezekana pia alimpenda tu. Vyote viwili havigombani.

Chama kilikuwa kimeanza kujengeka. UPRONA, Umoja wa Maendeleo ya Taifa, ilikuwa na wazee wa kifalme miongoni mwa waasisi wake, na ilisajiliwa rasmi Januari 1960. Rwagasore alipoingia ndani yake alikuja na kitu ambacho wazee hawakuwa nacho, yaani ule mtandao wa maduka. Buyenzi ikawa moyo wa chama mjini. Waswahili waliokuwa wakiitwa wageni walikuwa sasa wanauza kadi za chama cha taifa. Kando yake alisimama Paul Mirerekano, Mhutu wa Muramvya, bwana shamba aliyeacha kazi ya serikali akatajirika kwa kilimo cha mboga. Naye alijua fedha ndogo za watu wadogo zinavyokusanywa, na alijua kuzungumza na mkulima kwa lugha ya mkulima. Ukiwatazama wawili hao pamoja unaona UPRONA ya mwanzo ilikuwa nini: mfanyabiashara wa bondeni na mkulima wa mlimani, wote wawili wamechoshwa na bei wasizozipanga.

Msaada mwingine ulitoka ng'ambo ya ziwa. Julius Nyerere alikuwa rafiki wa Rwagasore, na TANU ilimsaidia kwa ushauri na kwa fedha. Kwa Wabelgiji hilo lilikuwa ushahidi wa njama. Kwa watu wa Buyenzi, wenye ndugu Kigoma na Ujiji, lilikuwa jambo la kawaida kabisa: jirani amemkopesha jirani.

Utawala ulijibu kwa kalamu. Mwaka 1960 ikatoka amri kwamba jamaa wa karibu wa Mwami wasishike nafasi za kisiasa. Amri iliandikwa kwa lugha ya jumla, lakini kila mtu alijua inamwita nani. Kisha, kutoka mwisho wa Oktoba hadi Desemba mwaka huohuo, wakati wa uchaguzi wa makomine, Rwagasore alikuwa kizuizini nyumbani. UPRONA ikashindwa, na PDC, chama kilichoongozwa na wana wa chifu Baranyanka na kupendwa na utawala, kikapata viti vingi kuliko chama kingine chochote. Wengi walidhani habari ya mwana wa Mwami imekwisha.

Umoja wa Mataifa ulikuwa na sauti juu ya Ruanda-Urundi, kwa sababu nchi hizo zilikuwa chini ya udhamini wake na Ubelgiji ilikuwa mlezi tu. Sauti hiyo ilisaidia kumfungulia mlango. Mwaka 1961 Rwagasore alirudi kwenye kampeni na akafanya kile alichokijua tangu 1957, yaani kwenda mtaa kwa mtaa na soko kwa soko. Tarehe 18 Septemba UPRONA ilipata viti 58 kati ya 64. Matokeo hayo huelezwa kwa kawaida kuwa ni mapenzi ya Warundi kwa ufalme wao, na sipingi, lakini chama cha mwana wa Mwami kilikuwa kimeshindwa miezi tisa kabla, na Mwami alikuwa yuleyule. Kilichobadilika ni kwamba mtu mwenye daftari la majina alikuwa huru kulifungua.

Mwisho wa Septemba akawa waziri mkuu. Aliwaambia Warundi kwamba wataihukumu serikali yake kwa matendo. Maneno hayo yamechongwa katika kumbukumbu ya nchi, na kwangu yana ladha ya duka: ni ahadi ya mtu aliyewahi kudaiwa. Alipata kama majuma mawili. Usiku wa tarehe 13 Oktoba 1961, akiwa anakula Hoteli Tanganyika, pembezoni mwa ziwa, alipigwa risasi na Mgiriki aitwaye Jean Kageorgis. Alikuwa na miaka ishirini na tisa.

Kageorgis aliuawa kwa hukumu ya mahakama tarehe 30 Juni 1962, siku moja kabla ya uhuru. Walioonekana kumtuma walihukumiwa upya baada ya uhuru, na watano wakanyongwa hadharani Gitega mnamo Januari 1963. Wawili kati yao walikuwa wana wa Baranyanka, Jean-Baptiste Ntidendereza na Joseph Biroli. Ushindani wa koo za kifalme, Bezi wa Mwami na Batare wa Baranyanka, unaeleza majina hayo. Hauelezi jina la mtu wa tano. Michel Iatrou hakuwa Bezi wala Batare. Alikuwa mfanyabiashara Mgiriki. Katika mauaji yanayosimuliwa siku zote kama ugomvi wa wakuu, mtu wa dukani alisimama kizimbani na akafia penye kitanzi pamoja nao. Swali la kiasi gani maofisa wa Kibelgiji walijua au walitaka halijafungwa; mwaka 2018 serikali ya Burundi iliishutumu Ubelgiji waziwazi. Wanaolichunguza swali hilo wangefanya vyema kuziangalia pia leseni za biashara na mikopo ya mwaka 1961.

Baada yake, nguzo mbili za UPRONA zilianguka mbalimbali. Uwaziri mkuu ulikwenda kwa shemeji yake, André Muhirwa. Mirerekano, aliyekuwa mshirika wa marehemu, aliona yeye ndiye anayestahili kuongoza chama, na ugomvi huo ukavaa haraka nguo za ukabila. Mwaka 1965 Mirerekano aliuawa. Mwaka 1966 ufalme ukafutwa, na UPRONA, iliyokuwa imezaliwa na wachuuzi, ikawa chama pekee cha dola ya wanajeshi. Ushirika nao ulirudi Burundi kwa sura nyingi. Wa karibuni ni ule wa Sangwe, ulioanza 2019, kila kilima na ushirika wake na serikali ikitoa mtaji wa kuanzia, faranga milioni 10. Ni fedha nyingi kuliko alizowahi kuota mchuuzi wa 1957. Zinashuka kutoka juu, ilhali za Rwagasore zilichangwa chini, na kwa kiongozi yeyote wa ushirika tofauti hiyo hujulikana siku ya kwanza ya mkutano wa hesabu: ni nani anayeogopwa, mwanachama au ofisi.

Mara ya pili Burundi ilipomchagua kiongozi kwa kura zenye ushindani, Juni 1993, alitoka tena kwenye ulimwengu wa fedha ndogo. Melchior Ndadaye alikuwa amesomea kazi ya benki, akaongoza mikopo ya ushirika wa vijijini kabla ya kufanya kazi benki ya Meridien BIAO. Na waziri mkuu aliyemteua tarehe 10 Julai alikuwa Sylvie Kinigi, mchumi, Mtutsi wa UPRONA, aliyewahi kuwa ofisa wa Benki Kuu, aliyekuwa amesimamia marekebisho ya uchumi tangu 1991 na aliyekuwa kwa miaka mingi katika Umoja wa Wanawake wa Burundi akidai nafasi yao. Huyu ndiye mtu katika historia ya nchi ambaye kazi tatu za maisha yake, fedha, dola na utetezi wa watu, zinafanana zaidi na zile za Rwagasore, ingawa sijamwona mtu yeyote akiwataja pamoja. Pengine ni kwa sababu hakufa.

Nusura afe. Tarehe 21 Oktoba 1993 wanajeshi walimuua Ndadaye, na pamoja naye spika Pontien Karibwami na naibu wake Gilles Bimazubute, waliokuwa warithi wake kikatiba. Kinigi na mawaziri waliobaki walikimbilia ubalozi wa Ufaransa. Huko ndani, nchi ikiwaka moto, yeye alikuwa ndiye serikali. Mapinduzi yalipokosa wa kuyaunga mkono na kuporomoka, mamlaka yalibaki mikononi mwake, mwanamke wa kwanza na hadi leo wa pekee kuiongoza Burundi. Bunge likamchagua Cyprien Ntaryamira, aliyeapishwa tarehe 5 Februari 1994. Siku mbili baadaye Kinigi aliacha uwaziri mkuu. Hakuunda chama wala kuandamana. Alikwenda kufanya kazi Banque Commerciale du Burundi.